Baada ya hamsini mjini Kindu: uzee unaegemea wapi?

Mjini Kindu, katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, kuna ubishi usiokwisha kuhusu walimu na makarani waliopita umri wa kustaafu lakini bado wako kazini. Vijana waliotoka chuo cha ualimu cha ISP na diploma zao wanasema wazee wamekalia nafasi. Wazee wanajibu kwamba hawajapata malipo ya mwisho wa kazi, na anayetoka bila malipo hayo anatoka mikono mitupu. Mapadri na maimamu wanakumbusha kwamba mzee ni wa watoto wake. Watoto nao, wengi wakiwa Goma, Bukavu, Kisangani au Kinshasa, wanatuma kidogo wanachopata na kushauri: rudini kijijini, mlime. Kila upande una hoja yake, lakini pande hizi zinajibu maswali tofauti.

Kuna swali la riziki: mtu atakula nini na atatibiwa kwa pesa ya nani mwili ukichoka. Kuna swali la watu: nani atamjulia hali. Na kuna swali la shughuli, ambalo halitajwi sana: kila asubuhi anaamka kwa ajili ya nini, na nani anamhitaji. Pensheni hujibu la kwanza tu. Shamba hujibu la kwanza na la tatu kwa muda. Mtoto aliye mbali anaweza kujibu la kwanza na kuliacha la pili wazi kabisa. Maswali haya yakivurugwa pamoja, kila mtu anadhani mwenzake hataki kuelewa.

Kosa moja la hesabu liondolewe mapema. Watu husema Mkongomani hafiki mbali, kwa kuwa wastani wa maisha nchini unatajwa kuwa karibu miaka 60, hivyo mwenye hamsini amebakiza kumi tu. Wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, na unavutwa chini na vifo vya watoto wachanga. Aliyekwisha kufika hamsini ana matarajio ya kuishi karibu miaka 20 zaidi. Anayepanga miaka 10 atamaliza akiba yake katikati ya safari.

## Kizazi kilichokosa kampuni

Anayefika hamsini siku hizi alizaliwa katikati ya miaka ya 1970. Wazazi wake walikuta Maniema ambamo kampuni ilikuwa karibu kila kitu. Kindu yenyewe ni mtoto wa reli na mto: kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga reli kati ya Kongolo na Kindu, na hapa mizigo ikahamishiwa kwenye meli za kushuka Lualaba hadi Ubundu. Kule Kalima, Symétain ilichimba bati. Mfanyakazi wa kampuni hizo alipewa nyumba, posho, zahanati na shule ya watoto. Ulikuwa utawala wa kikoloni, tena wa amri, na haufai kusifiwa ovyo. Lakini kwa upande wa uzee ulifungasha mambo matatu pamoja: mshahara, majirani wa kambi moja, na cheo kilichotambulika hata baada ya kustaafu.

Fungu hilo lilifunguka kidogo kidogo. Mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa Sominki. Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka. Mwaka 1997 Sominki ikafungwa, na madai ya wafanyakazi wake juu ya malipo ya mwisho yakabaki mdomoni mwa watu kwa miaka mingi. Reli ilibaki mikononi mwa kampuni ya serikali, SNCC, ambayo malimbikizo yake ya mishahara yanajulikana nchi nzima.

Pesa yenyewe nayo iliyeyuka. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Kwa hesabu ya shule ya msingi, zaire bilioni 300 za zamani zilitoa faranga moja. Mtu aliyekatwa mshahara kwa ajili ya uzee tangu miaka ya 1970 alikuta makato yake hayanunui hata kiberiti. Kisha vita: Oktoba 1998 Kindu iliingia mikononi mwa waasi wa RCD, na mwaka 2002 mji ulizingirwa kiasi kwamba kwenda shambani ilikuwa kuhatarisha roho. Waliokuwa na miaka ishirini na kitu wakati huo, umri ambao mtu huanza kujenga, ndio hawa wenye hamsini sasa. Wakiambiwa kwamba hawakujiandaa, watauliza: tujiandae kwa nini, na wapi?

## Msimamo wa kwanza: ni kazi ya serikali

Wanaosema serikali ibebe mzigo wana Katiba mkononi. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inawapa wazee haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mfuko wa hifadhi ya jamii ulianzishwa tangu Juni 1961, kwa jina la INSS, na baada ya sheria ya Julai 2016 ukageuka kuwa CNSS. Mwajiri na mfanyakazi wote wawili huchangia. Watumishi wa serikali, ambao zamani pensheni yao ilitoka moja kwa moja kwenye bajeti, wameundiwa mfuko wao, CNSSAP.

Nguvu ya njia hii ni kwamba inasambaza hatari. Mafuriko ya Lualaba au vita katika mkoa mmoja haviwezi kuangusha wachangiaji wa nchi nzima kwa siku moja. Tena pensheni haina huruma wala chuki: hailipwi kwa sababu mkwe anakupenda. Mzee anayeipata hana haja ya kuomba, na asiyeomba huheshimiwa zaidi nyumbani kwake.

Udhaifu wake ni mkubwa vilevile. Mfuko wa michango unamjua mwenye mkataba, na Kindu wenye mikataba ni wachache. Mama anayeuza mawese na samaki sokoni, mpiga kasia anayevusha watu kwenda Alunguli, mkulima wa mpunga, mchimbaji: wote wako nje. Aliye ndani naye anahitaji karatasi, na karatasi nyingi ziliungua au kupotea vitani. Mjane anadaiwa cheti cha ndoa ya serikali, wakati ndoa yake ilifungwa kwa mahari au msikitini. Na kwa kuwa sheria ya familia haitambui mitala, mke wa pili hana pa kusimama hata kama alimuuguza mume miaka kumi. Katika mkoa wenye Waislamu wengi kama Maniema, suala hilo si dogo.

Hapa ndipo ubishi wa walimu unapopata mzizi. Mzee hang'ang'anii chaki kwa kupenda chaki. Mshahara mdogo unaofika ni bora kuliko malipo makubwa ya mwisho yanayosubiriwa. Kumwondoa bila malipo kunampa kijana kazi na kumpa mtaa fukara mpya. Kumwacha kunamfungia kijana mlango na kuwaacha watoto na mwalimu asiyeona tena daftari vizuri. Hesabu ya hazina inaonekana nafuu katika hali hii ya pili, lakini gharama imehamishwa tu, nayo imehamishiwa kwa wanafunzi.

Wapo wanaotaka malipo ya mkupuo yatolewe mara moja ili yaishe. Katanga ilijaribu. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines waliondoka kwa hiari wakiwa na fungu mkononi. Madeni, karo na wagonjwa wa ukoo vilikuwa vinasubiri mlangoni, na wengi walimaliza fedha hizo muda mrefu kabla ya kuumaliza uzee. Kosa halikuwa la ujinga wao. Pesa nyingi zinazojulikana na kila ndugu ni vigumu kuzikatalia watu; kidogo cha kila mwezi hakina wageni wengi.

## Msimamo wa pili: mzee ni wa watoto wake

Msimamo huu nao umeandikwa katika Katiba. Ibara ya 40 inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Mila na dini zimesema hivyo kabla ya Katiba yoyote, na ukweli ni kwamba leo hii wazee wengi wa Kindu wanakula kwa mkono wa mtoto. Ukoo unafika mahali mfuko hauwezi kufika: unampeleka mtu hospitalini usiku, unamzika, unampa mjukuu wa kumtuma dukani. Kwa swali la watu, hakuna kilicho bora kuliko familia.

Lakini familia haiwezi kutoa isichokuwa nacho. Wazazi wengi wenye hamsini bado wanasomesha. Elimu ya msingi ya bure iliyoanza 2019 ilipunguza mzigo, ila sekondari na chuo bado viko mabegani mwa mzazi. Yule yule mzazi anabeba pia wajukuu ambao wazazi wao wako machimboni au wamekufa. Wajukuu hao wanampa shughuli, tena ya heshima, na wakati huohuo wanakula akiba yake. Mali hugeuzwa kuwa diploma ya kifungua mimba kwa matumaini kwamba diploma itakuwa pensheni. Wakati mwingine inakuwa. Wakati mwingine diploma hukaa nyumbani ikisubiri kazi pamoja na mwenyewe.

Halafu kuna umbali. Waasi wa M23 walipochukua Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifungwa, ndege za Goma zikasimama, na Kindu, ambayo bidhaa zake nyingi hushuka kutoka huko, ikapata pigo mara mbili: bei zilipanda na waliokuwa wakituma pesa wakakwama. Huduma za kutuma pesa kwa simu zimesaidia sana, hilo lisikataliwe, ila mtumaji asiye na kazi hana cha kutuma kwa njia yoyote. Kutegemea watoto watatu walio katika mji mmoja ni sawa na kutegemea mmoja.

Upande wa giza wa ukoo ni tuhuma za uchawi. Ugonjwa, kifo cha mtoto, biashara iliyokufa: anatafutwa wa kulaumiwa, na mara nyingi anapatikana mjane mzee asiye na mtetezi. Mwaka 2021 katika mkoa jirani wa Kivu Kusini wanawake waliuawa na makundi ya watu kwa tuhuma za namna hiyo. Tuhuma hizi hazigawanywi sawasawa. Humwangukia zaidi anayeonekana kuwa mzigo, kuliko mwenye nyumba yake na kikundi chake. Urithi nao huongeza moto: sheria ya familia inawapa watoto robo tatu ya mali, na robo iliyobaki hugawanywa kati ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba, lakini haki hiyo mara nyingi humalizwa na mashemeji kabla haijafika mbele ya hakimu.

## Msimamo wa tatu: ardhi na nyumba

Shauri la kurudi shambani si la kubezwa. Maniema ni mkoa wa mpunga tangu enzi za Waarabu-Waswahili wa Kasongo, na udongo haukugeuzwa kuwa kipande cha karatasi mwaka 1993. Tatizo ni kwamba mpunga wetu ni wa kufyeka msitu na kuchoma, kisha kuhama. Kazi hiyo inataka mgongo wa kijana. Mwenye miaka 52 ataiweza, mwenye 68 atahitaji vibarua, na vibarua wanataka pesa taslimu ambayo ndiyo iliyokuwa haba.

Mchikichi una hesabu tofauti. Ukipandwa leo, utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na kuendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Anayepanda akiwa na hamsini anavuna akiwa na hamsini na nne, na bado atavuna akiwa na sabini. Kufikia hapo mti utakuwa mrefu na yeye hapandi tena, kwa hiyo atagawana ngazi na kijana. Mgawo huo si hasara: unamfunga kijana na mzee kwa faida ya wote wawili, jambo ambalo noti ya zawadi haiwezi kulifanya. Ajabu ni kwamba mipango mingi ya wastaafu inaanza na pikipiki. Pikipiki inaleta pesa kila jioni kutoka kwa dereva, ndiyo sababu inapendwa, lakini kwenye barabara za Kindu inazeeka haraka kuliko mwenye nayo.

Nyumba ya kupangisha katika komine ya Kasuku au Mikelenge inashinda pikipiki kwa kudumu, na inampa mzee sababu ya kukaa mjini karibu na hospitali. Inadai hati safi ya paseli. Tangu sheria ya 1973, ardhi ni mali ya serikali, na haki ya mtu inasimama juu ya karatasi au juu ya kumbukumbu za majirani. Kumbukumbu hizo ziko vichwani mwa wazee. Mpaka ukigombaniwa, au mahari ikikwama, mtu mwenye miaka sabini anaitwa na neno lake lina uzito. Hapo swali la shughuli linapata jibu ambalo halinunuliwi.

## Msimamo wa nne: vikundi

Wa mwisho ni wale wanaosema: acheni serikali, acheni watoto, jiungeni. Likelemba, yaani upatu, ni ya siku nyingi. Vikundi vya akiba na mikopo vya AVEC vimeenea mashariki mwa Kongo katika miaka ya karibuni: wanachama wanaweka kila wiki, wanakopeshana, wanatunza mfuko mdogo wa msiba na ugonjwa, na baada ya takriban mwaka mmoja wanagawana. Wanawake ndio uti wa mgongo wake. Kando ya hivyo kuna jumuiya ndogondogo za parokia na vyama vya msikiti.

Kwa swali la watu, kikundi kinakaribia familia, na mara nyingine kinaishinda, kwa sababu mwanachama asipoonekana wiki moja anaulizwa. Kwa swali la riziki ya muda mrefu hakifai. Mzunguko wa mwaka mmoja hauwezi kutunza pesa ya miaka 15, na wanachama wote wa mtaa mmoja huumizwa na bei ileile siku ileile. Mzee asiyeweza tena kuweka hisa za kila wiki hutoka polepole, bila kufukuzwa na mtu.

Maniema ilikuwa na chombo kilichojibu maswali yote matatu, nacho kinakumbukwa vibaya. Warega wa Pangi na majirani zao wa Kivu walikuwa na chama cha vyeo kiitwacho bwami, na siku hizi bwami hutajwa kama ushahidi kwamba zamani mvi pekee zilitosha kuheshimiwa. Haikuwa hivyo. Cheo katika bwami kilipandwa ngazi kwa ngazi hadi kindi, na kila ngazi ilidai malipo: pesa za magamba, nyama, mali iliyokusanywa na ndugu waliokubali kumsaidia mtu kwa kuwa naye alikwishawasaidia. Mwenendo wake ulichunguzwa. Mwanamke alikuwa na ngazi zake, na mume hakufika juu bila mke aliyepanda naye. Utawala wa Kibelgiji uliipiga marufuku mwaka 1948, na kwa kufanya hivyo uliondoa mfumo wa michango ya maisha yote bila kuweka mwingine kwa mtu wa kijijini. Bwami ilikuwa na ukali wake na iliwaacha nje maskini wengi. Hata hivyo ilielewa jambo ambalo mjadala wa sasa unalikosa: heshima ya sabini inachangiwa kuanzia arobaini na hamsini.

## Kipi kina uzito zaidi?

Nikipima misimamo hii minne, ninaona wa kwanza na wa pili inadhaniwa kuwa maadui bure. Hoja kwamba pensheni itawafanya watoto wawasahau wazazi inachukulia kwamba watoto wanatoa kwa kuwa wazazi hawana. Tunachokiona mtaani kinaelekea upande mwingine: anayetembelewa zaidi ni mzee anayeweza kumnunulia mjukuu daftari. Mzee mwenye kitu anaendelea kuwa sehemu ya nipe nikupe. Asiye na chochote anabaki upande wa kupokea, na huko ndiko tuhuma na dharau zinakoanzia.

Kwa hiyo kiasi kidogo cha kila mwezi kwa kila mzee, aliyechangia na asiyechangia, kina thamani kubwa kuliko mkupuo mkubwa kwa wachache. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa kila mkazi aliyefika miaka 70, awe alikuwa mvuvi au katibu. Kenya inalipa wenye 70 kupitia mpango wa Inua Jamii, Uganda wenye 80. Kongo ni kubwa na hazina yake ina mashimo mengi, na mpango wa afya kwa wote ulioanza 2023 umetanguliza akina mama wajawazito na watoto wachanga, chaguo ambalo ni vigumu kulipinga. Kwa hiyo mwenye hamsini asiingoje pensheni hiyo. Kipindi chake cha kujiandaa ni kati ya hamsini na sitini na tano, na mpangilio ninaouona una nguvu zaidi ni huu: hati ya paseli na ndoa iliyoandikishwa kwanza, kwa kuwa hivi havihitaji mtaji mwingi, mazao ya kudumu kabla ya pikipiki, kikundi wakati bado ana nguvu za kuchangia na kukopesha, na elimu ya watoto kwa kiasi kisichouza nyumba.

Kwa walimu, njia ya kati ipo, ingawa haipendezi upande wowote: malipo ya kila mwezi yaanze siku ileile mtu anapotoka, hata kama ni madogo, na deni la mkupuo lilipwe kwa awamu, na wanaosubiri wapunguziwe vipindi ili wawalee walimu wapya darasani. Kijana anapata nafasi, mzee anabaki na mtu anayemhitaji.

Kinachobaki kigumu ni umri wenyewe. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, au wana miaka miwili tofauti kwenye kadi mbili. Mpango wowote wa kulipa kuanzia sitini au sabini utaanza kwa foleni ya watu wanaotakiwa kuthibitisha walizaliwa lini, na ofisi itakayopiga mhuri itakuwa na nafasi nzuri ya kudai chochote. Daftari za ubatizo za parokia, orodha za zamani za CFL na Symétain, na ushahidi wa wazee wa mtaa vinaweza kutumika, lakini lazima sheria iseme hivyo wazi kabla pesa haijatengwa. Wenye hamsini leo bado wana miaka kumi na zaidi ya kulirekebisha hilo, na wengi wa mashahidi wao bado wako hai.